Pipa, Bomba au Duka: Bei Halisi ya Chombo cha Kulishia

Chombo cha kulishia mifugo kina bei mbili. Ya kwanza unailipa mara moja, kwa mwenye duka au kwa fundi. Ya pili unailipa kila siku: chakula kinachomwagika, kinacholoa mvua, kinachokanyagwa kwa kwato, kinacholiwa na panya usiku. Ile ya kwanza mfugaji mdogo huibishania mpaka mia tano ya mwisho. Ya pili haiandikwi popote, na ndiyo inayokula faida.

Nasema hivi nikiwa mtetezi wa vitu vya kutengeneza nyumbani. Pita mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam, Morogoro au Arusha uone watu walivyo wabunifu: pipa la buluu limepasuliwa likawa hori la mbuzi, dumu la mafuta ya kula limetobolewa likawa chombo cha kuku, tairi la lori limekuwa birika, mabanzi yamepigiliwa yakawa kihori cha ng'ombe. Vitu ambavyo vingeishia dampo au motoni vinafanya kazi miaka kadhaa. Lakini kuokoa hela kwenye chombo hakuna uzito uleule kwa kila mnyama. Mbuzi na ng'ombe wanaokula majani uliyokata mwenyewe wanakupa nafasi ya kujaribu. Kuku anayekula chakula cha mfuko hakupi, kwa sababu kila punje anayoitupa umeinunua.

Bei nitakazotumia humu ni za mfano, ili hesabu ionekane. Soko la Kibaha si la Njombe, na mfuko wa chakula hupanda na kushuka pamoja na mahindi. Toa namba zangu, weka zako; njia ya kuhesabu ni ileile.

Tuanze na kuku, maana hapo ndipo hela inapovuja zaidi. Kuku mmoja wa mayai hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Kuku 100 basi wanamaliza kilo 12, na mfuko wa kilo 50 unakatika siku ya tano asubuhi. Kwa mwezi ni kilo 360, mifuko saba na ushee. Mfuko ukiwa shilingi 75,000, bili ya mwezi ni 540,000. Sasa weka kinachomwagika. Kuna vipimo ambavyo maofisa ugani wamevifundisha kwa miaka mingi: kihori cha kuku kilichojazwa hadi ukingoni hupoteza kama asilimia 30 ya chakula, kikijazwa theluthi mbili, asilimia 10, kikijazwa nusu, asilimia 3, kikijazwa theluthi moja, asilimia 1. Namba hizi zisichukuliwe kama mizani ya dhahabu, ila mwelekeo wake anaujua yeyote aliyewahi kufagia banda. Kuku hadonoi tu. Anasukuma chakula kwa mdomo kulia na kushoto akitafuta kipande cha hindi, na kisichozuiwa na ukingo kinaruka nje, kinachanganyika na maranda na kinyesi, kinakwisha hapo.

Kutoka asilimia 10 hadi 3 ni tofauti ya asilimia 7, na asilimia 7 ya 540,000 ni shilingi 37,800 kila mwezi. Ishike namba hiyo tunapokwenda dukani.

Chombo cha plastiki cha kuning'iniza, chenye sahani ya upana wa sentimita 40, kina ukingo wa mviringo wa kama sentimita 125. Kuku mkubwa anahitaji karibu sentimita 4 za ukingo wa namna hiyo, kwa hiyo chombo kimoja kinahudumia kuku 30. Kuku 100 wanataka vinne. Kimoja kikiwa 13,000, umetoa 52,000. Upande wa pili kuna kile cha nyumbani ambacho karibu kila mtu hukijaribu kwanza: ndoo ya lita 20 inatobolewa matundu pembeni karibu na kitako, inafungwa kwa bolti juu ya beseni, chakula kinashuka chenyewe. Ndoo kuukuu 3,000, beseni 3,500, bolti na nati 1,000. Jumla 7,500, na kwa vinne 30,000. Umeokoa 22,000.

Lakini tazama ukingo wa beseni kwa karibu. Umekunjuka kwenda nje, kwa sababu beseni limetengenezwa ili maji yamwagwe kwa urahisi. Sahani ya dukani ukingo wake umerudi ndani, na juu yake mara nyingi kuna vigawanyo vinavyomzuia kuku asitupe kichwa pembeni. Ukingo ule wa nje wa beseni unafanya kazi yake vizuri sana, isipokuwa sasa kinachomwagwa ni chakula. Likipoteza asilimia 3 tu zaidi ya kile cha dukani, ni 16,200 kwa mwezi, na ile 22,000 uliyookoa imekwisha kabla ya miezi miwili. Bandu bandu, gogo linakwisha, na kuku hawa utakaa nao zaidi ya mwaka.

Hii haina maana kwamba cha nyumbani kimeshindwa. Ina maana tutafute kitu ambacho ukingo wake umerudi ndani. Kipo, na mara nyingi kimelala nyuma ya nyumba iliyokuwa ikijengwa: bomba la PVC la inchi nne. Upana wake ni milimita 110, urefu wake likiwa zima mita 6. Wengi hulipasua katikati wakapata mifereji miwili, na hapo wanaharibu sifa yake yote, kwa kuwa nusu ya bomba ina kuta zilizosimama wima. Usilipasue. Kata kipande cha juu tu, uache mwanya wa sentimita 8 hivi kwa urefu wote. Mviringo uliobaki unapanda, unazidi nusu, kisha unarudi ndani kama mdomo uliokunjwa. Kuku akisukuma chakula pembeni, kinapanda ukuta, kinagonga kile kipindo na kuanguka tena ndani. Ukiujaza theluthi ya kina chake, ni mara chache utaona punje chini.

Kwenye kihori kirefu kuku mkubwa anahitaji sentimita 10. Bomba la mita 6, likitumika pande zote mbili, lina mita 12 za ukingo, yaani nafasi ya kuku 120. Likate vipande vitatu vya mita 2 ili vibebeke na kuosheka. Ziba ncha kwa vifuniko vya bomba au kwa viduara vya mbao, kisha pachika juu ya kila kipande ufito mwembamba, kila ncha ikishikwa na msumari mmoja, uzunguke wenyewe. Kuku akitaka kulala juu ya kihori ufito unageuka na yeye anashuka. Bila huo ufito, asubuhi unakuta kinyesi ndani ya chakula.

Je, ni rahisi kuliko duka? Kama bomba ni la kununua jipya, hapana. Bomba 35,000, vifuniko, mbao na misumari 15,000, jumla 50,000: ni karibu bei ileile ya vyombo vinne vya kuning'iniza, na kazi ya mikono yako hujaihesabu. Tena cha kuning'iniza kinabeba chakula cha siku kadhaa, wakati bomba linataka kujazwa asubuhi na jioni. Kwa mama anayetoka nyumbani saa 11 alfajiri kwenda sokoni, hiyo ni gharama, hata kama haina risiti. Lakini bomba likiwa mabaki ya ujenzi, chombo kizima kinaweza kukugharimu zile 15,000 tu, na kwa mtu anayeshinda nyumbani ningekichagua kuliko cha dukani bila kusita. Sharti moja: lisiwe bomba lililowahi kupitisha maji ya chooni. Lililo hivyo waachie wenyewe.

Jambo moja zaidi kuhusu kuku, nalo halina gharama kabisa. Ukingo wa chombo, cha dukani au cha nyumbani, uwe usawa wa mgongo wa kuku aliyesimama. Ukiwa chini ya hapo anachakura kwa miguu. Ukiwa juu mno, wadogo hawafiki. Kuku wanaokua wanahitaji chombo kipandishwe kila wiki, na kwa hili kamba na ndoano vinashinda stendi yoyote ya mbao. Kamba hiyohiyo inakusaidia na panya: panya mmoja hula karibu gramu 20 kwa usiku na kuchafua kwa mkojo zaidi ya anachokula, kwa hiyo jioni nyanyua chombo au kimalize.

Vipo pia vyombo vya mitumba, vya mtu aliyeacha kufuga. Bei huwa nusu, na vinavutia. Tatizo ni kwamba mara nyingi mtu huacha kufuga kuku kwa sababu kuku wamekufa. Kirusi cha Gumboro hukaa hai bandani kwa miezi, na hakiogopi maji matupu. Ukinunua, sugua kwa sabuni mpaka uchafu wote utoke, loweka katika dawa ya kuua vijidudu, kausha juani, ndipo uingize bandani. Kama huna subira hiyo, nunua kipya.

Kwa mbuzi mambo yanageuka, na ndipo vitu vya kuokota vinapong'ara. Duka la pembejeo lina vyombo vya kuku rafu nzima. Vya mbuzi ni nadra kuviona. Ukitaka cha kununua utakwenda kwa fundi wa mageti akuchomelee hori la nondo na bati, na likiwa la mbuzi 12 tuseme atataka 150,000. Pipa la plastiki la lita 200 lina urefu wa karibu sentimita 90 na kipenyo cha karibu 58. Likipasuliwa kwa urefu wake linatoa mahori mawili. Mbuzi wa kienyeji anahitaji kama sentimita 30, kwa hiyo kila hori linapokea mbuzi watatu kila upande, sita kwa yote. Pipa zima, mbuzi 12. Hayo ni mahori yanayofikika pande zote mbili. Ukiyaegesha ukutani, nusu ya nafasi imepotea, na hili ndilo watu husahau wanapopanga banda. Pipa 45,000, miti na misumari 15,000, fundi 15,000: jumla 75,000, nusu ya bei ya lile la kuchomelea. Halishiki kutu na kuliosha ni dakika mbili.

Ila mbuzi ni mteuzi. Chakula alichokikanyaga au kukikojolea hakirudii, hata akilala njaa. Wala hilo si la kulaumu, kwa maana mbuzi anayekula chini anakula pamoja na mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara vilivyotoka kwenye mavi yake mwenyewe. Kwa hiyo hori liinuliwe, na juu yake upite mti mmoja kwa urefu, ili mwanambuzi asiruke akaingia ndani. Wataingia tu kama hakuna mti; hakuna mbuzi aliyezaliwa asijaribu.

Nusu pipa peke yake linafaa kwa pumba, mashudu na majani yaliyokatwakatwa. Kwa matawi mazima ya lukina, mforsadi au gliricidia, mbuzi hupenda kuinua kichwa na kuvuta, kwa hiyo kinachofaa zaidi ni chanja la fito lililoinama, majani yakiwa nyuma ya fito. Udhaifu wa chanja ni kwamba mbuzi akivuta tawi, majani madogo yanadondoka, na protini iko kwenye majani hayo kuliko kwenye kijiti kinachobaki. Ndiyo maana mpangilio ninaoupenda ni wa vyote viwili: chanja juu, nusu pipa chini yake. Kinachodondoka kinaokolewa papo hapo, na jioni mbuzi wanainama kukimalizia. Chanja lenyewe linaweza kuwa mabaki ya nondo, fito, au mbao za paleti.

Hapa kwenye mwanya wa fito nakaa kidogo, kwa sababu ndipo mbuzi wanapokufa. Mwanya uwe mdogo, sentimita 5 hivi, pua ipite na kichwa kisipite. Au uwe mkubwa kiasi kwamba kichwa chote na pembe zake vinaingia na kutoka bila kukwaruza. Mwanya wa kati, ule unaokubali kichwa kuingia na kukataa pembe kutoka, ni mtego. Mbuzi aliyenaswa usiku anasukumwa na wenzake, anavunjika shingo au ananyongwa. Kabla hujapigilia msumari wa mwisho, shika mbuzi mwenye pembe pana kuliko wote, umpime hapo.

Paleti nazo hazilingani. Tafuta mhuri uliochomwa kwenye mbao. Herufi HT maana yake mbao zilipashwa moto ili kuua wadudu, na hizo zinafaa. Herufi MB maana yake zilifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi, ziache. Paleti isiyo na mhuri inayonuka mafuta au yenye madoa usiyoyajua, nayo iache. Mbuzi hutafuna kila kitu anachoegemea, kwa hiyo mbao za chanja ni sehemu ya chakula chake.

Ng'ombe ana hesabu yake. Ng'ombe wa kilo 400 hula majani mabichi karibu asilimia 10 ya uzito wake, yaani kilo 40 kwa siku. Kule mlimani Kilimanjaro, ambako majani hutoka tambarare kwa gari au kwa kichwa cha mtu, kilo tano zilizokanyagwa ni safari ya mtu au hela ya nauli. Kihori kizuri kinampa kila ng'ombe sentimita 60 hadi 75 za upana, sakafu yake ikiwa juu kidogo ya pale anaposimamisha miguu ya mbele, sentimita 10 hadi 15, na mti wa shingoni wa kumzuia asipande na kuvuta majani nyuma yake.

Hapa chaguo ni tatu: mabanzi, saruji, au tairi. Mabanzi ni zile pande za nje za gogo zinazobaki baada ya kupasua mbao, na kwa watu wa Mafinga, jirani na msitu wa kupandwa wa Sao Hill, ni kitu cha bei ndogo kabisa. Kihori cha ng'ombe wawili cha mabanzi tuseme ni 60,000 pamoja na misumari. Cha saruji na tofali, ukihesabu mifuko mitano ya saruji kwa 17,000, mchanga, tofali na fundi, hakitashuka chini ya 250,000. Tofauti ni kubwa, na mtu mwenye ng'ombe mmoja hana haja ya kukopa ili ajenge kihori cha saruji. Kasoro ya mabanzi iko chini, kwenye sakafu. Majani mabichi na pumba zilizolowekwa huacha unyevu katika nyufa na kona, ukungu unaota, na ukungu ukizaa sumukuvu, sumu hiyo haibaki kwa ng'ombe peke yake; sehemu yake hupita kwenye maziwa ambayo watoto wako wanakunywa asubuhi. Kwa hiyo naona njia ya kati ndiyo bora: kuta za mabanzi, sakafu ya saruji iliyosuguliwa laini, yenye mteremko kidogo na tundu la kutolea maji. Mifuko miwili inatosha, na mabanzi yakioza au yakiliwa na mchwa unayabadilisha bila kugusa sakafu.

Tairi ni imara kuliko vyote na halivunjiki likipigwa teke, ila lina hatari ambayo si kila mtu anaijua. Tairi nyingi za kisasa zina nyuzi za chuma ndani ya mpira, na zote zina waya nene kwenye ukingo unaokaa kwenye rimu. Likikatwa vibaya, ncha za waya zinabaki nje, zinakatika moja moja na kuingia kwenye chakula. Ng'ombe hatafuni kwa makini anapokula mara ya kwanza; anameza. Waya unatua kwenye tumbo lenye ukuta wa vyumba kama sega la nyuki, ambalo limepakana na moyo, na misuli ya tumbo inapojibana waya unatoboa. Ng'ombe anaacha kula, anasimama mgongo umepinda, maziwa yanakatika, na mara nyingi hapo hapana tiba rahisi. Ukitaka tairi, nenda kwa mafundi wa makatambuga. Kazi yao ya kila siku ni kukata tairi kwa ajili ya viatu, na wanajua kwa kugusa lipi ni la nyuzi za nailoni na lipi ni la waya. Waombe la nyuzi, wakate bila kufikia ukingo wenye waya nene, kisha pitisha kiganja chako mwenyewe pole pole kila mahali. Kama kiganja kimekwaruzwa, hilo si la ng'ombe.

Nguruwe nitawapitia haraka, kwa kuwa jibu lao ni moja. Nusu pipa watalipindua, ndoo wataitafuna, mbao watazing'oa. Wanahitaji uzito, na uzito wa bei nafuu ni zege. Chukua kipande cha bomba au gogo laini la mviringo, likandamize kwenye zege bichi ndani ya fremu ya mbao, litoe zege likianza kukaza, umepata kihori ambacho hakipinduki. Pachika nondo fupi fupi kukatisha juu yake wakati zege bado ni bichi, wasilale ndani. Na kihori cha mitumba kutoka banda la mtu mwingine usikichukue hata cha bure. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na inasafiri kwa vyombo kama inavyosafiri kwa makombo.

Sasa mapipa yenyewe, kwa sababu nusu ya yote niliyoyasema inategemea pipa safi. Pipa salama ni lile lililobeba kitu cha kuliwa: mafuta ya kula, juisi nzito ya viwandani, molasi. Nunua kwa mtu anayeweza kukuonyesha lebo, wala usitosheke na maneno kwamba lilikuwa la sabuni. Nyumbani lioshe, lifunge kifuniko, liache juani mchana kutwa, kisha fungua unuse. Plastiki hunyonya kilichokaa ndani yake na kukitoa tena ikipata joto. Harufu ya dawa ikirudi, pipa hilo ni la kuhifadhia mbolea au halina kazi. Chombo kilichobeba viuatilifu hakitumiki tena kwa chakula wala maji, cha mtu au cha mnyama, hata kikioshwa mara kumi. Taratibu za viuatilifu, ambavyo hapa nchini vinasimamiwa na mamlaka ya TPHPA, zinataka kisuuzwe mara tatu na kutobolewa ili asipatikane wa kukitumia. Ukiona dumu la aina hiyo sokoni likiwa zima, mtu ameruka hatua.

Mapipa ya chuma yana hatari ya namna nyingine. Lililobeba petroli, tina au gundi lisiguswe na grinda wala mashine ya kuchomelea likiwa tupu, kwani mvuke uliobaki ndani hulipuka, na mafundi wamepoteza macho na maisha kwa hili. Likibidi, mpe fundi anayelijaza maji kwanza. Hata likikatwa salama, chumvi na molasi vitalitoboa kwa kutu kabla la plastiki halijapauka. Mafundi wa Gerezani Dar es Salaam na wenzao wa Kamukunji Nairobi hutengeneza vitu vizuri sana kwa mabati ya mapipa. Kwa kuku wanaokula chakula kikavu kazi yao inafaa, mradi kingo zote zimekunjwa zisikate ulimi wala upanga wa kuku.

Vingine vya kukataa bila mjadala: nguzo za umeme zilizotiwa dawa, mbao zilizopakwa rangi ya zamani, maboksi ya betri za gari, na mabati ya asbesto. Risasi iliyo katika rangi za zamani na betri huua ng'ombe anayelamba tu, na ng'ombe hulamba.

Tuseme basi una kuku 50 wa mayai, mbuzi sita, ng'ombe mmoja, na shilingi 200,000 mkononi. Mimi ningezigawa hivi. Vyombo viwili vya kuning'iniza vya kuku ningenunua dukani, 26,000. Pipa moja 45,000: nusu iwe hori la mbuzi chini ya chanja, nusu ya pili iwe birika la ng'ombe. Fito, misumari na fundi wa chanja 30,000. Mabanzi ya kihori cha ng'ombe 50,000, na mifuko miwili ya saruji ya sakafu 34,000. Jumla ni 185,000. Vifaranga wakija, sijatenga kitu kwa ajili yao, kwa sababu siku za mwanzo trei za karatasi za mayai zinawatosha, na zikichafuka unazichoma. Ile 15,000 inayobaki ningenunulia mizani ndogo ya kuning'iniza. Kopo moja la pumba halina uzito wa kopo moja la mashudu, na mfuko wa wiki hii haujasagwa sawa na wa wiki iliyopita; anayelisha kwa kopo hajui kuku wake wamekula gramu ngapi. Pima kila asubuhi kabla ya kumimina, andika ukutani kwa chaki, na baada ya mwezi mmoja utaweza kusema kwa shilingi chombo kipi kati ya vyako kibaki na kipi kiondoke.